Steringi wako wa kike, yaani mhusika mkuu wa filamu unayoiandika, anaitwa nani, na nani alimpa jina hilo?

Baba kwenye skripti anasema, "Shida ametoka." Badilisha silabi moja tu: "Shida imetoka." Binti ni yuleyule na mlango ni uleule, ila sasa baba amemvua mwanawe utu. Majina yetu mengi ni maneno ya kila siku (Neema, Riziki, Tabu, Zawadi), na yanapokuwa ya watu hufuata upatanisho wa watu. Ukiuvunja kwa makusudi, mtazamaji anashtuka bila kuelezwa. Fanya hivyo mara moja, kwenye onyesho zito. Ukirudia, ukumbi utacheka.

Uwazi huohuo wa majina ndio unaowaponza waandishi. Mtazamaji wa Kiswahili hahitaji kamusi: binti atakayeikomboa familia ukimwita Tumaini, umeshamsimulia mwisho kabla hajakaa vizuri. Jina lifanye kazi pale linapogongana na mwenyewe. Filamu ya Kenya iitwayo Subira, ya mwaka 2018, inamhusu binti wa Lamu anayetaka kuogelea baharini wakati mila zinamkataza. Kila anapoitwa jina lake, ni kama anaonywa.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza jina lina maana gani, uliza lilitolewa na nani, lini, na huyo mtoaji alikuwa akimwambia nani. Chukua Semeni, Siwema, Sikudhani. Hapo mtoto hasemeshwi hata kidogo. Semeni ni mama anayewajibu majirani: haya, semeni sasa. Ukimpa steringi wako jina hilo, andika kwenye daftari lako majirani walikuwa wakisema nini mwaka aliozaliwa. Huenda maneno yale yasitamkwe popote kwenye filamu, lakini utajua kwa nini mama mtu hapendi wageni.

Majina ya makabila yana kanuni zake, na hapa ndipo aibu nyingi hutokea. Shija kwa Wasukuma ni mtoto anayefuata baada ya mapacha, Kulwa na Doto. Ukimfanya Shija kifungua mimba, watu wa Mwanza wataacha kukufuatilia hapohapo. Kwa Wajaluo, Akinyi alizaliwa asubuhi, Achieng' jua likiwa juu, Atieno usiku. Basi usimwandikie mama yake Atieno maneno kwamba uchungu ulimshika alfajiri na mtoto akatoka jua linachomoza. Wabukusu wana Nekesa wa wakati wa mavuno, Nasimiyu wa kiangazi na Nafula wa mvua. Kwa Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, wa pili la mama wa mama yake. Hiyo ni zawadi kwa mwandishi: mkwe anayemchukia mke wa mwanawe analazimika kulitaja jina lake mwenyewe kila anapomgombeza mjukuu.

Halafu piga hesabu ya umri. Steringi wa miaka 22 leo alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwanahamisi na Mwajuma, majina ya waliozaliwa Alhamisi na Ijumaa, yanasikika ya kizamani kwa umri huo, lakini hayakatazwi. Yanadai tu bibi aliyerithiwa. Mweke bibi huyo kwenye hadithi, hata kama ni picha ukutani.

Andika pia nani anamwita nini, mstari mmoja kwa kila mhusika. Akishazaa, mtaa utamwita mama fulani, mume naye vilevile, wifi atamwita wifi, mtoto atamwita mama. Unaweza kufika nusu ya filamu bila jina lake kusikika hata mara moja. Acha mtu mmoja anayelijua la utotoni, shoga wa zamani au mama mzazi: Khadija awe Dija, Zainabu awe Zai. Siku shoga huyo atakapomwita Khadija kwa ukamilifu, mtazamaji atajua wamekosana.

Kubadili jina nako ni hadithi nzima. Msanii mkubwa wa taarabu wa Unguja alizaliwa Fumba mwaka 1880 akaitwa Mtumwa. Dunia inamjua kama Siti binti Saad, na Siti ni neno la heshima, bibi mkubwa. Ukiwa na steringi anayepanda ngazi namna hiyo, amua mapema ni nani ataendelea kumwita kwa lile jina la kwanza, na kwa sauti gani.

Kabla ya kufunga skripti, soma majina yote kwa sauti. Halima, Salima na Rehema wakikaa kwenye onyesho moja, sikio linachoka, hasa maiki ikinasa upepo. Msimamishe mtu ng'ambo ya uwanja aliite jina: Zuhura linavutika vizuri, "Zuhuuura!" Lisilovutika litakusumbua siku ya onyesho la kutafutwa kwa mtoto.

Ukibadili jina katikati ya kazi, usiiamrishe kompyuta ibadili yote kwa mkupuo. Tatu akiwa Rahma, "saa tatu" inakuwa "saa Rahma". Neema akiwa Rahma, shehe anaomba "kwa Rahma ya Mungu". Badili moja moja, kisha ukague vitu vya kushikwa: cheti cha kuzaliwa, daftari la shule, kadi ya kliniki, jina linalotokea kwenye kioo cha simu. Hiyo simu ndiyo husahaulika, na huwa imeshapigwa picha ya karibu.