"Ni heri kutoa kuliko kupokea" ni maneno ya Yesu

Ndugu, maneno haya ni ya Yesu kweli, ila hutayapata Mathayo, Marko, Luka wala Yohana. Yako Matendo 20:35. Paulo yuko Mileto, anaagana na wazee wa kanisa la Efeso, na anayataja waziwazi kuwa ni maneno ya Bwana mwenyewe. Kwa kuwa hayamo katika Injili, wengi hudhani ni methali tu.

Soma na mstari wa 34: Paulo anasema mikono yake mwenyewe ndiyo iliyomlisha yeye na wenzake, halafu ndipo anawataka wawasaidie wanyonge. Kwa hiyo hapo hasemi habari za zaka kabisa, na inaniuma mstari wa 35 unapotumika kumbana mtu asiye na kitu.

Mstari huo nimeujua kwa bibi yangu, usharikani kwetu hapa Moshi. Jumapili alibeba mayai matano kwenye kikapu, yakinadiwa nje baada ya ibada pamoja na mikungu ya ndizi. Aliyeyanunua mara nyingi alimpa mama mwenye mtoto mchanga, bibi akafurahi kuliko mnunuzi.