Kwa Anayekwenda Mara ya Kwanza kwenye Maonyesho ya Biashara ya Vishada

Ndugu unayejiandaa kwenda kwenye maonyesho ya mwaka ya Kite Trade Association International, chama kinachowakutanisha watengenezaji, wasambazaji na wenye maduka ya vishada, ninakuandikia nikiwa mtu aliyefanya kazi misimu kadhaa katika duka la vishada kwenye pwani ya jimbo la Washington, Marekani, na ambaye safari yake ya kwanza ililigharimu duka hilo fedha nyingi.

Jambo kubwa la kukumbuka ni kwamba ukumbi hauna upepo. Mwaka wangu wa kwanza nilisimama mbele ya banda moja ambapo kijana alikuwa akirusha kishada chepesi sana ndani ya jengo. Alirudi nyuma hatua kwa hatua, polepole, nacho kikapanda hadi karibu na taa, kikageuka na kushuka hadi kiganjani mwake. Niliagiza katoni mbili papo hapo. Vilipofika dukani tulivipeleka ufukweni, ambako alasiri za kiangazi upepo wa bahari huvuma kwa nguvu, na kishada cha kwanza kilivunjika ufito wa kaboni kabla uzi haujafika nusu. Kosa halikuwa la mtengenezaji, kwa kuwa kiwango cha upepo kilikuwa kimeandikwa kwenye mfuko wake. Mimi ndiye niliyekuwa sijasoma. Tangu hapo huenda na karatasi yenye kasi ya upepo wa ufukwe wetu, asubuhi na alasiri, mwezi kwa mwezi, na kila kishada ninachokipenda nakilinganisha nayo kwanza.

Usikiangalie kishada kikiwa kimening'inia tu. Omba ukishike, ukigeuze, kisha ubonyeze kwa kidole gumba pale puani, mahali fito zinapokutana, kwa sababu hapo ndipo kinapogonga mchanga kila mtoto anapokosea, na kitambaa kisichoongezewa kiraka kitatoboka mapema. Angalia kama mishono imenyooka na kama nyuzi fupi zinazokiunganisha kishada na uzi mkuu zina urefu sawa pande zote mbili. Uliza pia kama fito zinauzwa mojamoja: mteja anayepata ufito wa kubadilisha hurudi dukani, na asiyeupata hukitupa kishada chote.

Kuhusu malipo, uliza kiwango cha chini cha oda, nani analipia usafirishaji, na lini ankara inapaswa kulipwa, kwani baadhi ya wauzaji hukubali ulipe baada ya msimu kuanza.

Maonyesho hufanyika majira ya baridi kwa sababu maalumu. Aprili ndiyo mwezi wa kitaifa wa vishada nchini Marekani, na bidhaa zinatakiwa ziwe rafuni kabla ya hapo. Hata hivyo, vishada vingi hushonwa China, ambako viwanda hufungwa kwa muda wakati wa mwaka mpya wa Kichina, mwishoni mwa Januari au katika Februari. Kwa hiyo muulize muuzaji waziwazi: mzigo huu uko tayari ghalani hapa Marekani, au bado haujashonwa? Jibu lake liandike kwenye oda, pamoja na tarehe, mbele yake.

Siku ya kwanza zunguka mabanda yote bila kutia saini popote, hata pale utakapoambiwa kwamba punguzo ni la siku hiyo tu. Jioni kaa na wenye maduka wa miaka mingi, hasa wanaotoka fukwe zenye upepo kama wa kwenu, uwaulize ni vishada gani vilirudishwa na wateja msimu uliopita. Mimi sijawahi kumwona hata mmoja wao akikataa kujibu swali hilo.