Unayeanza kutengeneza mandhari ya tovuti, anzia kwenye simu

Tovuti nyingi tunazotengeneza hapa Lamu ni za nyumba za wageni, mashua za matembezi na mikahawa. Mteja atakuletea picha za milango ya kuchonga na kukuambia anataka tovuti ipendeze. Mkubalie, lakini kabla hujafungua laptopu muulize mgeni wake atakuwa wapi akiifungua. Mara nyingi atakuwa ameshuka uwanja wa Manda, anangoja boti juani, begi mkono mmoja na simu mkono wa pili.

Mtu huyo hataki historia ya nyumba. Anataka bei, njia ya kufika na namba ya kupiga. Viweke juu. Namba iwe kiungo cha tel: ili akiigusa tu simu ipige, na ile ya WhatsApp ifungue mazungumzo moja kwa moja. Kuna tovuti nzuri tu ambazo namba imo ndani ya picha. Huwezi kuinakili wala kuipiga, na sijui nani aliona hilo ni wazo jema.

Kwenye msimbo, tagi ya viewport yenye width=device-width, inayokiambia kivinjari kifuate upana wa kioo, isikosekane. Bila hiyo, kivinjari hudhani ukurasa ni wa kompyuta, huupanga kwa upana wa karibu pikseli 980, kisha huusinyaza utoshe kwenye kioo, na maandishi huwa kama chawa. Ila usimzuie mtu kukuza ukurasa kwa vidole. Wazee wetu nao wana simu.

CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa, iandike kwanza kwa upana wa pikseli 360 hivi, halafu ndiyo upanue kwa media queries za min-width, yaani masharti yanayoanza kufanya kazi kioo kikifika upana fulani. Usifuate vipimo vya simu fulani, maana kila mwaka zinatoka nyingine. Vuta dirisha taratibu, na pale maandishi yanapoanza kubanana au kutawanyika, hapo ndipo pa kubadilisha mpangilio. Vitufe viwe na pikseli 48 au zaidi, dole gumba si mshale wa kipanya. Maandishi ya sehemu za kujaza fomu yasipungue pikseli 16, la sivyo Safari ya iPhone hujikuzia ukurasa yenyewe mtu akianza kuandika.

Kinachoharibu kazi nyingi ni picha. Mteja anakutumia picha kama ilivyotoka kwenye kamera, megabaiti kadhaa, nawe unaitupia hivyohivyo. Kioo cha upana wa 360 chenye msongamano wa pikseli wa mara 3 hakihitaji zaidi ya pikseli 1080. Tengeneza saizi tatu nne, ziweke kwenye srcset, orodha ya saizi ndani ya tagi ya picha, simu ichague yenyewe. Kila picha iandikie width na height. Usipoandika, maandishi yanatangulia na picha inakuja nyuma ikiyasukuma chini: mgeni alikuwa anagusa "Piga simu", amejikuta kwenye ukurasa wa matembezi ya Manda Toto.

Rangi nazo zijaribiwe nje. Maandishi meupe juu ya picha ya ukuta wa chokaa yanasomeka ofisini pazia likiwa limefungwa. Toka nayo hadi gatini saa sita mchana uone kinachobaki. Mwongozo wa WCAG, ule wa kimataifa wa kufanya tovuti itumike na kila mtu, unataka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi na kilicho nyuma yake iwe 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na kwa jua letu mimi huenda juu ya hapo.

Usisahau wanaobana bando kwa kivinjari cha Opera Mini. Ikiwa katika hali ya kubana zaidi, kurasa hupikwa kwenye seva zao kwanza na JavaScript nyingi, ule msimbo wa kuendesha vitu kama menyu, haifanyi kazi, kwa hiyo menyu yako ifunguke hata bila hiyo.

Mteja aking'ang'ania picha kubwa zinazojizungusha juu ya ukurasa, usibishane naye. Mfungulie kwenye simu yake mwenyewe, kwa bando lake, WiFi ikiwa imezimwa, mkae mngoje pamoja.