Maswali ya Wasomaji: Kwanza Mwenyeji, Kisha Fedha

Barua nyingi zilizofika kwa ajili ya ukurasa huu zinauliza jambo moja kwa namna mbalimbali: mwanafunzi afanyeje ili apate fedha za kwenda nchi nyingine, si kusomea shahada nzima, bali kufanya mafunzo kwa vitendo au utafiti wa miezi michache? Tumechagua barua nne.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, ninasoma biolojia. Nimeomba ufadhili mara nne ili niende kufanya utafiti katika maabara ya nchi ya nje kwa miezi mitatu, na mara zote nimenyimwa bila kuelezwa sababu. Alama zangu ni za juu. Ninakosea wapi?

JIBU: Ndugu mwanafunzi, pole kwa kusumbuka. Umetaja alama zako na muda unaoutaka, lakini katika barua yako yote hukutaja maabara wala mtafiti unayetaka kufanya naye kazi, na nadhani hapo ndipo penye tatizo. Ufadhili wa kusomea shahada hutolewa kwa mtu, kwa hiyo kamati hutazama matokeo yake na maneno ya waliomfundisha. Ufadhili wa utafiti wa muda mfupi, kwa sehemu kubwa, hutolewa kwa kazi fulani, itakayofanyika mahali fulani, chini ya mtu aliyekwisha kukubali kuisimamia. Anayeomba bila mwenyeji, yaani mtafiti aliyekubali kumpokea, hushindanishwa na wenye barua ya mwaliko mkononi, na hapo alama peke yake hazimfikishi mbali.

Ipo mipango ambayo yenyewe humkutanisha mwanafunzi na mwenyeji. CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko Geneva, hupokea kila mwaka wanafunzi wa fizikia, uhandisi na kompyuta kwa wiki 8 hadi 13, wakiwemo wanaotoka katika nchi zisizo wanachama wa kituo hicho. Kwa mtu wa biolojia kama wewe, ninakuelekeza zaidi kwenye chuo cha OIST cha Okinawa, Japani, ambacho hupokea wanagenzi wa utafiti kutoka taifa lolote na kuwapa nauli ya kwenda na kurudi, malazi na posho ya kila siku. Hata huko, mwombaji hutakiwa kutaja maabara anazozitaka na kueleza kwa nini anazitaka, kwa hiyo kazi ya kumtafuta mwenyeji huikwepi.

Jambo la pili ni masharti ya uraia na ya chuo unakosoma, ambayo yapaswa kusomwa kabla ya kitu kingine chochote. Mpango wa mafunzo ya utafiti uitwao RISE, wa shirika la ufadhili wa masomo la DAAD nchini Ujerumani, ambao wanafunzi huelekezana kana kwamba uko wazi kwa wote, unawalenga wanaosoma katika vyuo vya Marekani, Kanada, Uingereza na Ayalandi. Mpango wa Globalink wa shirika la Mitacs, unaowapeleka wanafunzi Kanada kwa wiki 12, una orodha yake ya nchi zinazostahili. Fedha za Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, kwa wanaotoka nje ya Ulaya hupitia makubaliano baina ya chuo chako na chuo cha Ulaya, na kwa hiyo pa kuanzia ni ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo chako mwenyewe. Huenda baadhi ya maombi yako yaliwekwa kando kwa sababu ya aina hii, kabla mtu yeyote hajafungua matokeo yako.

Sasa kuhusu kumwandikia mtafiti, ambako ndiko ningependa utumie muda wako mwingi. Nimesoma barua nyingi za wanafunzi wanaoomba nafasi, na nyingi zingeweza kutumwa kwa profesa yeyote duniani bila kubadilisha neno lolote ila jina. Mtafiti huitambua barua ya namna hiyo katika mstari wa kwanza na haendelei kuisoma. Chagua watu watano au sita tu, soma makala mbili za hivi karibuni za kila mmoja, kisha uandike barua isiyozidi nusu ukurasa inayoeleza ni swali gani katika kazi yake limekuvutia, ni mbinu zipi za maabara au za takwimu unazozimudu tayari, ni tarehe zipi uko huru, na ni mfuko upi unaokusudia kuuomba. Hilo la mwisho wengi huliacha kwa haya, nalo ndilo linalomtuliza msomaji wako, kwa sababu mtafiti ambaye hana fedha za kukulipa anaweza kabisa kukubali kukupa meza, usimamizi na barua ya mwaliko iwapo anajua kwamba posho itatoka kwingine. Ambatisha wasifu wa ukurasa mmoja au miwili na nakala ya matokeo. Asipojibu baada ya wiki mbili, mkumbushe mara moja kwa adabu, kisha uendelee na mwingine. Anza miezi minane hadi kumi kabla ya safari, maana barua ya mwaliko, uamuzi wa mfadhili na viza hufuatana, na kila kimoja kina foleni yake.

SWALI: Nimeahidiwa nafasi ya mafunzo kwa vitendo "yenye posho". Je, neno hilo lina maana gani hasa, na niulize nini kabla ya kukubali?

JIBU: Maana yake hutofautiana mno, na ndiyo maana usikubali kabla ya kupata jibu la maandishi. IAESTE, mtandao ulioanzishwa mwaka 1948 kwa ajili ya wanafunzi wa fani za kiufundi, hutaka mwajiri alipe kiasi cha kumwezesha mwanafunzi kujikimu mahali alipo, lakini nauli hubaki kwa mwanafunzi. Shirika la Kazi Duniani huwalipa wanagenzi wake posho, ilhali Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa haiwalipi, jambo ambalo kwa maoni yangu huwafungia mlango vijana wengi wenye uwezo ambao wazazi wao hawana fedha.

Uliza nani analipa nauli, viza, bima ya afya na malazi. Kisha uliza ni lini fedha zinatolewa, kwa sababu wafadhili wengi hurudisha gharama baada ya mwanafunzi kufika na kuwasilisha risiti, na posho ya kwanza yaweza kuchelewa hadi mwisho wa mwezi wa kwanza. Mwenye barua nzuri ya ufadhili lakini asiye na fedha za kununua tiketi bado hawezi kusafiri. Mweleze mwenyeji wako hali hiyo mapema, kwani baadhi yao hukubali kununua tiketi wao wenyewe au kutoa malipo ya awali.

Angalia pia tarehe yako ya kuhitimu. Marekani, kwa mfano, viza ya J-1, ambayo ni ya programu za mabadilishano, katika kundi la wanagenzi hutolewa kwa aliye bado masomoni katika chuo cha nje ya nchi hiyo, au aliyehitimu ndani ya miezi 12 kabla ya programu kuanza.

SWALI: Wakala ananitaka nilipe fedha ili anihakikishie ufadhili. Nilipe?

JIBU: Usilipe. Hakuna wakala anayeweza kuhakikisha uamuzi wa kamati asiyokaa ndani yake. Tafuta wewe mwenyewe tovuti rasmi ya taasisi inayotajwa, uiandikie kwa anwani iliyopo humo, na uulize kama nafasi hiyo ipo. Ni kweli zipo taasisi halali zinazotoza ada ndogo ya usajili, lakini ada hiyo huonekana wazi katika masharti yao na hailipwi kwenye akaunti ya mtu binafsi.

SWALI: Binti yangu anamaliza shahada ya kwanza ya fizikia na anapenda sana mambo ya nyuklia. Je, upo ufadhili unaounganisha masomo na mafunzo kazini?

JIBU: Mzazi mpendwa, upo, na umewekwa kwa ajili ya wanawake. Mwaka 2020 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, lilianzisha ufadhili unaobeba jina la Marie Skłodowska-Curie. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika fani inayohusiana na nyuklia hupewa hadi euro 10,000 kwa mwaka kwa ajili ya ada na hadi euro 10,000 nyingine kwa ajili ya kujikimu, kwa muda usiozidi miaka miwili, kisha hupata fursa ya mafunzo kazini ya hadi miezi 12 yanayoratibiwa na shirika hilo. Hapa utaratibu ni kinyume na ule niliomweleza mwanafunzi wa biolojia, kwani shirika humchagua mtu kwanza na mwenyeji wa mafunzo hupatikana baadaye. Kinachotangulia ni udahili wa chuo, kwa hiyo mwambie binti yako aanze kuomba nafasi ya uzamili sasa, bila kusubiri tangazo la ufadhili.