Anti, binti yangu anataka kutoka darasani kuandamana

Mwezi huu barua zimenijia nyingi na karibu zote zinazunguka kitu kimoja, bunduki mashuleni kule Marekani na hawa watoto wanaosimama kusema. Naanza na ya mama mmoja wa Iowa, ndefu kuliko zote, nimejaribu kuipunguza nikashindwa. Yeye nilimjibu kwanza kwa WhatsApp maana Ijumaa yake ilikuwa haisubiri gazeti.

*

"Shikamoo Anti. Mi ni mama wa watoto wanne, kwetu ni Fizi, Kongo, alafu tukakaa kambini Nyarugusu miaka 14 ndo tukaletwa huku Des Moines. Nafanya kiwanda cha nyama, shifti ya usiku. Binti yangu wa pili ana miaka 15, yuko sekondari. Juzi natoka kazini saa moja asubuhi namkuta mezani anapaka rangi boksi, kaandika kwa Kiingereza kwamba hataki kufia darasani. Nikamuuliza hii nini, akasema mama Ijumaa tunatoka wote darasani tunaenda kwa miguu mpaka bunge la jimbo kwa ajili ya mambo ya bunduki. Anti nilitetemeka. Sisi bunduki tumeikimbia, kule kwetu aliyenyamaza ndo aliyepona, aliyeongea walimfuata usiku. Nikamwambia we umeletwa huku usome, sio kubishana na serikali ya watu. Akanijibu, mama, nyie mlikimbilia huku, sasa mimi nikimbilie wapi? Tangu siku hiyo silali vizuri. Baba yao anasema hiyo ni jeuri, anyang'anywe simu. Naomba unijibu, shule wanaweza kumfukuza? Itatuharibia karatasi zetu? Na nina kosa mimi kumkataza?" (Mama Wanne, Des Moines)

Marahaba mama, na pole na shifti. Nianze na la shule maana lile lina jibu, na jibu lenyewe lilitokea mjini hapohapo unapokaa, sijui kama wenyeji wamewahi kukuhadithia. Desemba 1965 watoto wachache wa Des Moines walienda shule wamejifunga vitambaa vyeusi mkononi kuomboleza waliokuwa wanakufa vita ya Vietnam. Mmoja wao alikuwa msichana wa miaka 13 anaitwa Mary Beth Tinker, mdogo kuliko binti yako. Shule ikawasimamisha, wazazi wakaenda mahakamani, kesi ikapanda ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani na mwaka 1969 majaji 7 kati ya 9 wakasema mwanafunzi haachi haki yake ya kusema pale getini kwa shule. Mpaka leo kesi nyingi za wanafunzi kuvaa fulana au beji za ujumbe zinarudi kwenye hiyo moja ya Des Moines.

Ila usichanganye mambo. Kuvaa kitambaa ni kitu kimoja, kutoka darasani kipindi kinaendelea ni kingine, hapo shule inaweza kumuandika mtoro na kumpa adhabu ileile anayopewa mtoro yeyote. Isichoruhusiwa ni kumuongezea adhabu kwa sababu hawakupenda alichoandika kwenye boksi lake. Kwa hiyo piga simu ofisini asubuhi, uliza kama mzazi anaweza kumuombea ruhusa, wakikubali utoro unakuwa umefutika kabla haujaandikwa.

Karatasi. Mtoto kusimama kwa amani na bango sio kosa la jinai, hiyo ni haki yake hata kama sio raia. Ila mi sio mwanasheria, na mambo ya uhamiaji kule yanabadilika kama hali ya hewa, so mpigie kesiweka wako, yule anayeshughulikia faili lenu, akuunganishe na mwanasheria wa wakimbizi, wengi wanajibu bure. Cha kumsisitizia binti ni kimoja, polisi wakisema sogea, asogee, asikae kubishana, maana kukamatwa ndo kunaleta makaratasi mengine.

Sasa swali lako la tatu, nimelizunguka siku mbili kabla sijaandika. Mama, umesema bunduki mmeikimbia. Angalia mji mliofikia. Machi 2022 watu walifyatua risasi kutoka kwenye magari nje ya shule ya East High, mvulana wa miaka 15 akafa na wasichana wawili wakajeruhiwa. Januari 2023 wanafunzi wawili wakauawa kwenye kituo cha kusaidia vijana waliokuwa wanapata shida na shule, mjini hapohapo. Januari 2024, siku ya kwanza baada ya likizo, mji wa Perry ambao sio mbali na nyinyi, mtoto wa miaka 11 akauawa shuleni na mkuu wa shule akafa siku kumi baadaye kwa majeraha. Binti yako haigi vitu vya TikTok, anaongelea njia anayopita na begi kila siku.

Na anachotaka kufanya kimeshafanyika. Siku nne tu baada ya Perry wanafunzi walitoka madarasani wakaenda kujaa kwenye jengo la bunge la Iowa siku bunge linafunguliwa, Januari ile na baridi ya kwenu. Sitakudanganya kuhusu kilichofuata, Aprili gavana alisaini sheria inayowawekea njia wafanyakazi wa shule wabebe bunduki. Watoto waliomba bunduki zipungue, wakubwa wakaziongeza. Mwambie hilo kabla hajaenda, aende akijua, asije akadhani anasema Ijumaa wanasikia Jumatatu.

Kumkataza sio kosa, we ni mama yake. Ila nahisi mnagombana kwa sababu yeye hajui habari zako. Huenda anajua mlitoka Fizi, hajui usiku ule mlipotoka ulikuwaje, nani alinyamaza na nani aliongea. Mkalishe umwambie, hata kama ni vipande. Alafu, na hapa natoa maoni yangu tu, nenda naye. Unatoka kazini saa moja, najua miguu inawaka moto, lakini mama aliyesimama nyuma ya kundi na koti lake anamtuliza mtoto kuliko marufuku kumi. Mwandikie namba yako kwenye mkono kwa peni. Na mwambie baba simu amuachie, siku hiyo atakayeihitaji sana ni yeye baba mwenyewe.

*

"Anti mambo. Niko chuo Dodoma. Wale wanafunzi wa Parkland tuliwaona kwenye TV wakipewa mastaa wa kuwaunga mkono, mi naona zilikuwa kelele tu, shule zinapigwa risasi mpaka leo. Walipata nini?" (Msomaji wa Dodoma)

Poa. Swali zuri ila umelitupa kwa dharau kidogo, ngoja nilirudishe taratibu.

Februari 14, 2018, shule ya Marjory Stoneman Douglas, Parkland, Florida, waliuawa watu 17, wanafunzi 14 na wafanyakazi watatu. Wiki tatu baadaye, Machi 9, gavana wa Florida ambaye ni Ripablikani, na jimbo lenyewe linapenda bunduki kama nini, akasaini sheria ya kupandisha umri wa kununua bunduki kutoka 18 mpaka 21 na kuruhusu mahakama kumnyang'anya silaha mtu aliyeonyesha dalili za hatari. Wiki tatu! Watoto walikuwa wamepanda mabasi mpaka Tallahassee kuwafuata wabunge maofisini. Lakini sheria hiyohiyo ikaweka na mpango wa kuwapa bunduki baadhi ya wafanyakazi wa shule, so unaona ile ya Iowa haikuanzia Iowa.

Machi 14 wanafunzi nchi nzima walitoka madarasani dakika 17, moja kwa kila aliyekufa. Machi 24 ndo yale maandamano makubwa ya Washington. Pale mi kilichonibakia sio hotuba. X González, mwanafunzi wa Parkland aliyenusurika, wakati ule akiitwa Emma, alitaja majina ya wenzake alafu akanyamaza. Akasimama anaangalia mbele, machozi yanashuka, watu hawaelewi, wengine wanaanza kupiga kelele za kumpa moyo, yeye kimya, mpaka saa yake ikalia. Tangu apande jukwaani zilikuwa zimepita dakika 6 na sekunde 20, muda uleule aliotumia muuaji. Kaka, we jaribu kunyamaza dakika nne tu mbele ya watu watano.

Sheria ya nchi nzima ilichelewa mpaka Juni 2022, baada ya Uvalde, Texas, walipouawa watoto 19 na walimu wawili. Rais Biden akasaini sheria ya kwanza kubwa ya bunduki baada ya karibu miaka 30, ndogo kuliko walichoomba watoto ila ipo. Na Novemba mwaka huo huo Maxwell Frost wa Florida, aliyekuwa mratibu kwenye harakati za wale wa Parkland, akachaguliwa kuingia Bunge la Marekani akiwa na miaka 25. Ziite kelele ukitaka.

*

"Anti, hayo ni mambo ya wazungu wenye bunduki zao, gazeti letu linayaweka ya nini? Sisi Wakenya tuna shida zetu." (Msomaji wa Nairobi)

Wazungu? Waliokuwa wanakufa zaidi mitaani kabla kamera hazijafika ni watoto weusi. Kwenye jukwaa lile la Washington alisimama Naomi Wadler wa Virginia, miaka 11, akasema amekuja kwa ajili ya wasichana weusi ambao habari zao haziwi ukurasa wa kwanza. Shuleni kwake walikuwa wametoka nje dakika 18 badala ya 17, hiyo moja ya nyongeza ilikuwa ya Courtlin Arrington, msichana mweusi aliyeuawa kwa risasi shuleni kwake Alabama wiki moja kabla na karibu hakuna aliyemtaja. Edna Chavez wa kusini mwa Los Angeles akasema alijifunza kukwepa risasi kabla hajajua kusoma, akataja jina la kaka yake Ricardo, umati ukaitikia.

Na we wa Nairobi umesahau Garissa? Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa chuo kikuu pale, wengi wao wanafunzi, wamefuatwa bwenini alfajiri. Ile ilikuwa ugaidi, najua, sio kitu kimoja. Lakini siku chache baadaye wanafunzi walishuka barabarani hapo hapo Nairobi kudai ulinzi, na watu mitandaoni wakaanza kuweka majina na picha za waliokufa ili wasibaki kuwa hesabu. Ni kitu kilekile alichokifanya mtoto wa Virginia na dakika yake moja.

*

"Anti naomba kujua kwa nini huko Marekani wakiandamana kuhusu bunduki wanavaa rangi ya chungwa? Ni chama?" (Bi Mkubwa wa Mombasa)

Sio chama, Bi Mkubwa. Hadiya Pendleton, mwanafunzi wa Chicago wa miaka 15, alikuwa kwenye kundi la shule lililocheza Washington kwenye sherehe za kumuapisha Obama Januari 2013, wiki moja baadaye akapigwa risasi akafa, akiwa na wenzake kwenye bustani, wala hakuwa aliyelengwa. Rafiki zake ndo waliochagua chungwa, kwa sababu wawindaji wanaivaa porini ili wawindaji wenzao wawaone wasiwafyatulie. Sasa inavaliwa kila mwanzo wa Juni. Juni 2 ndo siku aliyozaliwa.

*

"Anti, mwanangu ana miaka 7, tuko Houston. Shule wanawafanyisha mazoezi ya kujificha, taa zinazimwa, wanakaa chini ukutani mbali na mlango, mwalimu anabandika karatasi kwenye kioo cha mlango. Ameniuliza baba nikipiga chafya itakuwaje? Nimekosa jibu. Nimwambieje? NB mimi mwenyewe nina bastola ila naiweka chini ya godoro, hajui." (Baba Mdogo, Houston)

Mwambie akipiga chafya amepiga, hakuna atakayemgombeza, na mazoezi ni mazoezi kama yale ya moto. Usimwambie haiwezi kutokea, atakuja kugundua umemdanganya. Siku ya mazoezi muulize alikaa karibu na nani, walifanya nini baada ya taa kuwaka. Akianza kukojoa kitandani au kukataa shule, nenda kaongee na mshauri wa shule mapema.

Sasa hiyo NB yako. Umeiweka mwishoni kama kitu kidogo, mi naona ndo barua yenyewe. Anajua. Watoto wa miaka 7 wanajua hadi pipi za harusi umeficha wapi. Na hawa wanaopiga risasi mashuleni, wengi wakiwa wanafunzi wenyewe, silaha wanaitoa nyumbani, na hata yule wa shule ya msingi ya Sandy Hook 2012, ambaye hakuwa mwanafunzi, aliyeua watoto 20 na watu wazima sita alitumia bunduki za mama yake. Sheria ya Texas inakuhesabia kosa mtoto wa chini ya miaka 17 akiifikia bunduki yenye risasi uliyoiacha bila kuifungia. Nunua sefu, risasi weka kwingine. Kama hela haijakaa sawa, vituo vingi vya polisi vinatoa kufuli za bunduki bure, unaingia unaomba unatoka. Leo, sio wikiendi.

*

Tulikuwa tunafunga kurasa Mama Wanne akatuma ujumbe: "Anti nimeenda. Nilisimama nyuma karibu na mti, miguu imekufa ganzi, nimesahau glovu. Binti hakuongea kwenye maiki, alishika tu bango lake, tukarudi saa nane. Baba yao amepiga simu mara tisa."