Kuchimba Uani Bila Kukata Waya wala Bomba

Shimo la nguzo ya uzio huenda chini sentimita 60 hivi, na humo humo ndimo zinamopita kebo nyingi za umeme na mabomba ya maji. Nyaya za simu na intaneti huwa juu zaidi. Nyingine hukutana na beleshi kabla hujatokwa jasho. Usiamini kina ulichoambiwa, kwa sababu udongo huchotwa, humwagwa na kumomonyoka baada ya bomba kufukiwa.

Siku kadhaa kabla ya kazi, wataarifu wahusika wa umeme, maji, gesi na simu waje kuonyesha njia zao. Wakishaweka alama, zipige picha pamoja na kona ya nyumba, maana mvua hufuta rangi.

Hapa ndipo wageni wa kazi hii hukosea: mara nyingi alama hizo huishia kwenye mita. Kebo ya taa za bustani, umeme wa banda, bomba la tangi na la umwagiliaji ni vya mwenye nyumba, na hakuna atakayekuja kukuonyesha. Zitafute mwenyewe. Tazama kila taa na kila bomba la nje, ujiulize limefikaje pale. Fungua chemba za majitaka. Bomba kwa kawaida hunyooka kati ya chemba mbili. Angalia pia mstari wa udongo uliodidimia.

Kifaa cha kutambua nyaya kinasaidia, ila kebo isiyopitisha umeme inaweza kukipita, kwa hiyo washa taa zote kabla ya kupima. Bomba la plastiki hakilioni, labda liwe limefukiwa pamoja na waya wa kulifuatilia.

Ndani ya sentimita 60 kila upande wa alama, mashine isiingie. Sululu na mtaimbo pia vikae kando, kwani ncha yake hutoboa kabla mkono haujahisi kitu. Tumia beleshi: chimba pembeni ya alama, kisha sogea kwa ubavu ukikwangua kidogo kidogo. Usilikanyage kwa mguu. Ukikuta mchanga laini, matofali yaliyopangwa au utepe wa plastiki wa tahadhari, punguza mwendo. Utepe ukikosekana, usijipe moyo. Kazi nyingi za zamani hazina.

Ukigonga kebo ya umeme, ondoka shimoni na usirudi kuchukua zana, hata kama nyumba imezimika; umeme unaweza kurudi wenyewe. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe wala kuzima chochote, usifukie, waondoe watu, na piga simu ukiwa mbali. Hata mkwaruzo wa ganda la kebo utolewe taarifa: unyevu huingia polepole na kebo hufa baadaye.

Unapofukia kebo yako mwenyewe, izungushie mchanga, weka utepe wa tahadhari sentimita 30 juu yake, kisha chora ramani yenye vipimo kutoka kona mbili za nyumba.