Kabla ya Kulipia Shamba Taveta, Chimba Shimo

Ukimwambia mtu wa Mombasa kwamba shamba liko kwenye udongo wa volkano, bei inapanda papo hapo kichwani mwake. Tumezoea udongo wa kwetu: Kisauni mchanga, Likoni mchanga, Nyali ukichimba kidogo sururu inagonga jiwe la matumbawe. Halafu ndizi tunazonunua soko la Kongowea, ile mikungu minene, tunaambiwa zimetoka Taveta, kule mpakani chini ya Kilimanjaro. Basi tunaamua kwamba Taveta nzima ni neema tupu. Madalali wanalijua hilo. Ukipigiwa simu utaambiwa, "Shamba safi boss, udongo wa Kilimanjaro, hata mbolea hautaki."

Mimi nalima huko kwenye tambarare kwa kukodi, nyumba yangu bado iko Mombasa. Maneno ya dalali ni kweli nusu. Nusu ya pili ndiyo inayokula pesa za watu, na watu wenyewe ni ndugu zetu waliochukua mkopo wa sako wakaenda kununua eka mbili kwa macho.

Udongo wenyewe umepatikana hivi. Kilimanjaro ni mlima wa volkano, vilele vyake vitatu, Shira, Mawenzi na Kibo, vyote vimetokana na lava na majivu. Mvua inanyesha juu, maji yanakwangua mlima na kuteremsha yaliyokwanguliwa. Upande wetu wa Kenya, Mto Lumi ndio unaoshuka na mzigo huo kuelekea Ziwa Jipe. Maji yakifika mahali tambarare hupoteza kasi. Changarawe na mchanga hutua kwanza, udongo laini husafiri mbele zaidi, na ule mfinyanzi mwembamba kabisa hutua pale maji yanapotuama. Mwaka mwingine mto unafurika na kuhama mkondo, mchanga unafunika mfinyanzi. Baadaye mfinyanzi unafunika mchanga. Kwa hiyo unaponunua eka moja pale, unanunua rundo la matabaka yaliyoletwa nyakati tofauti, na wewe umeona lile la juu tu.

Sasa ongeza ukame. Kule juu mlimani mvua ni nyingi, inaosha madini na kuyashusha chini sana, na udongo unaelekea kuwa na asidi. Kwenye tambarare mvua ya mwaka ni ndogo, sehemu nyingi ni milimita 500 hadi 700, na jua ni lile mnalolijua. Maji yanaingia ardhini kidogo, kisha yanavutwa tena juu na joto, na kila kilichoyeyuka ndani yake kinabaki. Potasiamu inabaki, kalsiamu inabaki, magnesiamu inabaki. Hiyo ndiyo rutuba inayosifiwa, na mgomba unapenda sana potasiamu. Lakini chokaa nayo inabaki, chumvi inabaki, na magadi yanabaki. Ukame uliotutunzia virutubisho ndio huo huo uliotutunzia chumvi. Ukilielewa hili, mengine yote niliyoandika hapa chini utayakisia mwenyewe.

Kwa hiyo chimba. Usikubali kuonyeshwa shamba ukiwa ndani ya gari, wala kuletewa gao la udongo mkononi. Mwenye shamba anayekataa kuchimbwa shimo amekwisha kukujibu. Nenda na sururu na beleshi, lipa kijana wa pale, shimo lifike kiunoni au kifuani, upande mmoja uwe wima na upigwe na jua ili matabaka yaonekane. Na lisiwe shimo moja. Chimba moja pale dalali anapopasifia na jingine pale anapopapita haraka.

Shimo ambalo nimelikumbuka zaidi tulichimba kusini mwa mji, njia ya kuelekea Jipe. Mzee mmoja wa Kitaveta alikaa ukingoni na fimbo yake, akawa anatusomea ukuta. Juu, kiasi cha kiganja na nusu, udongo wa kijivu uliokuwa laini kama unga wa mwele, ukiukanyaga unafuka. Chini yake mchanga mwembamba wenye punje nyeusi zinazong'aa, hiyo ni lava iliyosagwa na mto. Kisha mfinyanzi wa kahawia nzito, mgumu hata sururu ikawa inarudi. Chini ya mfinyanzi kulikuwa na vidonge vyeupe, vingine sawa na punje ya mahindi, vingine vikubwa kama ukwaju uliomenywa.

"Hivyo vyeupe unavijua?" mzee akauliza.

Nikamwambia ni chokaa.

"Haya. Na hapo juu yake, mizizi iko wapi?"

Nikatazama vizuri. Mizizi ya magugu ilishuka kwenye kijivu, ikashuka kwenye mchanga, ikafika juu ya mfinyanzi ikapinda na kulala. Hakuna hata mmoja ulioingia. Mzee akagonga ule mfinyanzi kwa fimbo: "Mwanangu, hapa mgomba utakula mwaka wa kwanza. Wa pili utakuwa unaomba." Hatukukodi pale. Tulisogea kaskazini, ng'ambo ya mfereji, mahali ambapo mizizi ilikuwa inashuka mpaka chini ya shimo, na huko ndiko niliko mpaka leo.

Vidonge vya chokaa peke yake visikutishe. Vinakuonyesha kina ambacho maji ya mvua huishia. Vikiwa chini sana, vizuri. Vikiwa karibu na uso wa ardhi, jua kwamba fosforasi itafungwa na kalsiamu kabla mmea haujaifikia, na zinki na chuma vitakuwa adimu hata kama vimo. Kupima ni rahisi: beba ndimu. Kamulia kila tabaka, ukisikia linachemka na kutoa povu, kuna chokaa. (Udongo wa kwetu wenye vipande vya matumbawe nao utachemka, usishangae ukijaribu nyumbani.)

Adui mkubwa ni magadi, kwa maana ya sodiamu. Chumvi ya kawaida unaweza kuiosha kwa maji mengi, mradi shamba lina njia ya kutoa maji. Sodiamu inaharibu umbo lenyewe la udongo: chembe za mfinyanzi zinaachana, zinaziba vitundu, maji hayapiti, hewa haipiti, na udongo ukikauka unakuwa sakafu. Chukua bonge dogo lililokauka kutoka tabaka la mfinyanzi, litumbukize kwenye glasi ya maji ya mvua au maji ya chupa, usilikoroge. Acha, nenda kanywe chai. Ukirudi ukakuta bonge limekaa au limevunjika vipande na maji bado safi, pumua. Ukikuta limezungukwa na wingu la maziwa lisilotulia, hiyo ni sodiamu, na bei ya shamba iongee lugha hiyo. Usitumie maji ya kisima cha pale kwa jaribio hili, kwa sababu chumvi yake inaweza kuficha ugonjwa.

Tena soma mimea, kwa sababu yenyewe haina udalali. Mti wa mswaki, huu tunaosafishia meno, unavumilia chumvi kuliko miti mingi. Ukiona umetawala peke yake na chini yake ardhi iko tupu, chimba kwa makini zaidi. Migunga ya manjano inasema maji ya chini yako karibu. Hilo ni zuri kwa kisima na ni hatari kwa chumvi, maana maji yaliyo karibu hupanda. Gamba jeupe juu ya ardhi ni chumvi. Gamba jeusi lenye mafuta-mafuta ni baya zaidi: magadi yameyeyusha mabaki ya majani na kuyapandisha juu, na mgeni akiona weusi ule anadhani ni mbolea.

Weusi unadanganya kwa njia nyingine pia. Kuna ule udongo mweusi wa mbuga, unaopasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi na kunata kwenye viatu mvua ikija. Una madini, ndiyo, lakini trekta linazama, nyumba inapasuka ukuta, na mizizi michanga inakatwa nyufa zikifunguka. Wapo wanaoupatia mpunga na pamba vizuri tu. Ukiwa unataka migomba na vitunguu, tafuta ule wa kahawia ulio tifutifu, hata kama hauvutii machoni.

Baada ya macho na ndimu, maabara. KALRO, shirika la utafiti wa kilimo la Kenya, wana maabara ya udongo Kabete, na ofisi za kilimo za kaunti zitakuelekeza pa kupeleka sampuli. Chota sehemu kadhaa kwa kupindapinda, changanya kwenye ndoo safi, toa kama nusu kilo. Udongo wa juu peke yake, na ule wa kuanzia sentimita 30 kushuka hadi 60 peke yake. Hapa ndipo wengi wanapopeleka wa juu tu na kurudi na karatasi inayowapongeza. Usitie kwenye gunia lililokuwa na mbolea. Karatasi ikirudi, angalia pH kwanza, yaani kipimo cha asidi: ikiwa juu, asidi ni kidogo. Ikipita 8.5 shuku sodiamu, kisha tafuta asilimia ya sodiamu: ikizidi 15, huo umeingia kundi la udongo wa magadi. Unatibika, kwa jasi (gypsum) na maji mengi na mtaro wa kuyatoa, ila piga hesabu ya malori ya jasi na maji hayo kabla hujasema "tutarekebisha".

Na ile habari ya "hata mbolea hautaki"? Udongo wa volkano hauna naitrojeni ya kujivunia. Naitrojeni inatoka kwenye majani yaliyooza, na kwenye ukame majani ni machache na joto linayamaliza haraka. Samadi inahitajika kila msimu, na samadi ya zizi la zamani ina chumvi yake, kwa hiyo usimwage lori zima kwenye shamba ambalo tayari linalalamika. Mbolea ya yurea ukiimwaga juu ya udongo wenye chokaa chini ya jua, sehemu kubwa inapaa ikawa hewa. Ifukie au mwagilia mara moja. Penye pH ya juu mimi napendelea salfeti ya amonia, maana inaongeza asidi kidogo karibu na mizizi. DAP, ile mbolea ya kupandia yenye fosforasi, iweke karibu na mbegu, usiitawanye. Majani ya mgomba yaliyokatwa yaache yalale shambani. Mchwa watakula sehemu yao, hilo halizuiliki.

Mazao nayo yanatofautiana. Maharagwe na vitunguu havina subira na chumvi, na mgomba vilevile. Nyanya inastahimili kidogo zaidi. Pamba na mtende vinavumilia sana. Ukimwagilia kwa mifereji, chumvi hupanda ikajikusanya kileleni mwa tuta, kwa hiyo panda ubavuni mwa tuta, si juu. Ni jambo dogo, lakini nimeona shamba la nyanya ambalo miche ya kileleni ilikauka yote na ile iliyoporomokea ubavuni ikazaa.

Maji ya kumwagilia yapime pamoja na udongo. Visima vya sehemu za volkano mara nyingine vina sodiamu nyingi, na floraidi pia. Yale meno ya kahawia ya watu waliokulia karibu na mlima yanatokana na hiyo floraidi. Ukiyamwagilia maji mabaya juu ya udongo mzuri, miaka michache tu umetengeneza udongo wa magadi kwa mikono yako na dizeli yako.

Kitu kingine ambacho karatasi ya maabara haitakuambia: udongo ulioletwa na mafuriko uko kwenye njia ya mafuriko. Uliza majirani Lumi ulifika wapi mara ya mwisho, tazama mashina ya miti kama yana alama ya matope, na usijenge banda la pampu pale chini kwa sababu tu ni karibu na maji.

Wakati mzuri wa kwenda kuangalia ni mwisho wa kiangazi, Februari au Septemba, chumvi ikiwa imepanda juu na nyufa zimefunguka. Kisha urudi tena baada ya mvua kubwa uone maji yanasimama wapi na kwa siku ngapi. Gari la Voi asubuhi, kisha la Taveta, unawahi. Kama mwenye shamba hawezi kukungoja misimu miwili, kodi msimu mmoja badala ya kununua, na mkataba useme una ruhusa ya kuchimba. Ukimaliza fukia shimo lako, mbuzi wa watu wanapita pale.